Mrejesho: Baba aliyepoteza uoni wa jicho moja ghafla

Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini baba yangu, mwenye miaka 68 na shinikizo la damu, aliacha ghafla kuona kwa jicho la kulia bila maumivu yoyote. Nawashukuru mlionihimiza nimpeleke hospitali siku ileile, maana mimi nilidhani ni mtoto wa jicho.

Picha ya sehemu ya nyuma ya jicho ilionyesha retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga) iliyopauka yenye doa jekundu katikati, mahali ambapo retina ni nyembamba na wekundu wa tabaka la chini yake hupenya. Kipimo cha OCT, kinachotumia mwanga kuonyesha tabaka za retina, kilibainisha kwamba za ndani zimevimba, ilhali za nje, ambazo hulishwa na mishipa mingine, zilikuwa salama. Rangi ya fluoresini aliyodungwa mkononi ilichelewa mno kufika kwenye ateri (mishipa inayopeleka damu) za retina.

Daktari alisema ni kiharusi cha jicho, yaani ateri inayolisha retina imeziba, akaagiza vipimo vya moyo, damu na mishipa ya shingo. Shingoni kumekutwa mafuta yaliyoganda, na dawa ameanza. Uoni haujarudi, anatambua kivuli cha mkono tu.