Kambare wa kina wa Ziwa Viktoria: atangazwe ametoweka, au aendelee kutafutwa?

Mkomani
Namzungumzia Xenoclarias eupogon, si kambare mweusi huyu anayeletwa sokoni Kongowea, Mombasa. Huyu ni samaki wa shibiri moja, hapatikani popote duniani ila Ziwa Viktoria, na aliishi chini kwenye maji ya kina. Wataalamu walimwandika mwaka 1928. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, yamweka "hatarini kabisa", daraja la mwisho kwa kiumbe anayehesabiwa angali hai porini. Sangara, mla samaki wenzake, alitiwa ziwani miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na habari za kambare huyu zikawa haba mno. Kwa maoni yangu atangazwe ametoweka. Tukimwacha kwenye orodha ya wagonjwa, hakuna atakayeuliza nani alimuua.

Bwawa
Kambare kutoweka? Mtoe majini alfajiri, adhuhuri angali apiga mkia kwenye beseni. Bwawa likikauka hujichimbia topeni akangoja mvua. Anayepumua hewa hamalizwi na sangara. Halafu nyinyi watu wa mjini kambare hamumli, mwamwita nyoka, leo mwamlilia?

Jarife
Nani kakwambia hatumli? Tatizo ni wanaomuuza hawajui kumtayarisha. Ute hautoki kwa maji matupu: msugue kwa chumvi na ndimu au kwa majivu, mmwagie maji ya moto yasiyochemka, kisha mkwangue. Yakichemka ngozi huchanika na ute hugandia nyamani. Mwiba wa pezi la ubavuni uvunje kwenye shina kabla hujamshika vizuri. Apakwe bizari, achomwe nusu, ndipo aingie kwenye tui. Ukimtupa mbichi kwenye nazi mchuzi wanuka tope, halafu lawama apewe samaki.

Mkomani
Jamani, nimeuliza habari ya ziwa, si ya chungu.

Dema
Haya ya "kambare hafi" ni maneno ya wauza vifaranga. Kambare wa kawaida, Clarias gariepinus, ana kiungo chenye matawi juu ya mashavu, ndicho kinachomwezesha kuvuta hewa. Yeye yumo daraja la "wasiwasi mdogo" na hakuna anayebisha. Huyu wa kina kiungo hicho kwake kimepungua sana, kwa kuwa hakuwa na safari za kupanda juu kuvuta pumzi. Alitegemea oksijeni iliyomo majini. Sasa maji ya chini yameharibika: mbolea na maji taka vyaingia, mwani waota, wafa, wazama, na kuoza kwake kwala oksijeni yote. Sangara alimla, lakini hata sangara angeondolewa kesho, nyumba yenyewe haina hewa.

Na hilo la "haonekani", kwani nani amemtafuta? Jarife, yaani wavu, la sangara lina macho ya inchi 5, samaki mwembamba wa shibiri apita asiguse uzi. Nyavu za dagaa zavua usiku kwa taa, juu ya maji. Zote mbili hazimpati hata akiwa tele. Ili IUCN iseme ametoweka pasiwe na shaka ya maana, sharti atafutwe kwa kina kwenye makazi yake na kwa majira yanayofaa. Majira yenyewe ni Juni hadi Agosti, kusi ikivuruga ziwa na hewa ikashuka chini. Teremsha kwanza kipimo cha oksijeni. Ikiwa chini ya miligramu 2 kwa lita, usitege hapo, panda juu kidogo. Ukitega kwenye maji yasiyo na hewa, aliyeingia atakufa mtegoni.

Bwawa
Wauza vifaranga? Sikiza. Jike wa kilo moja huchomwa jioni nusu mililita ya Ovaprim, dawa ya homoni ya kuzalisha samaki. Maji yakiwa nyuzi 25, hukamuliwa mayai baada ya saa kumi hadi kumi na mbili. Dume hakamuliki, huchinjwa ndipo mbegu itolewe. Mayai huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu, na kiini kikiisha, kama siku ya tatu, wadogo hulishwa wadudu hai wa majini. Usipowachambua kwa ukubwa kila wiki, wakubwa huwameza wenzao. Hiyo ni kazi ya elimu, si ya domo. Nyinyi mwatega madema ya maneno. Tuleteeni huyo wenu tumzalishe, tumrudishe ziwani.

Jarife
Huu mjadala umekuwa nyumba ya kambare, kila mtu ana sharubu.

Bwawa
Za wengine zatokana na kazi.

Dema
Utamzalisha kutokana na nini? Jike yuko wapi? Na wasiwasi wangu ni huo huo wa kurudisha. Thailand walipandisha dume wa gariepinus kwa jike wa kambare wa kwao, mahuluti yakatoroka, na damu ya mgeni ikakutwa kwa kambare wa asili. India imepiga marufuku kumfuga gariepinus. Utasema Viktoria ni kwao. Kweli, lakini vifaranga huuzwa ziwani kama chambo cha sangara, wengine wametoka kwenye matotoleo ya mbali, na ndoanoni wengi huchomoka wakiwa hai.

Bwawa
Chambo ni biashara halali. Bila vifaranga vya bwawa, wavuvi wangekwangua mito kutafuta wadogo wa asili. Hilo mbona hulisemi?

Dema
Hilo ni kweli, nakubali. Basi vizazi vitokane na kambare wa mto ule ule unaoingia ziwani, na kila totoleo liandike lilikotoa wazazi.

Mkomani
Swali langu la kutangaza naliweka kando kwanza. Dema, mtego wa macho mangapi, na chambo gani?

Dema
Macho ya sentimita moja, mdomo wa faneli usiozidi upana wa vidole vitatu, chambo dagaa waliopondwa ndani ya kitambaa. Utolewe alfajiri, usilale siku mbili.