Koti la pamba la karne ya 14: mkono ukiinuliwa, koti zima linapanda

Mwigizaji wa Kibokoni
Assalaam alaykum, mafundi. Kikundi chetu cha maigizo ya historia hapa Mombasa kimenikabidhi kushona koti lililojazwa pamba, la kubana kifua na kiuno, kwa mfano wa lile la Charles de Blois, mtukufu wa Kifaransa aliyeuawa katika vita vya Auray mwaka 1364, ambalo hadi leo limehifadhiwa katika makumbusho ya vitambaa mjini Lyon, Ufaransa. Nimekata la majaribio kwa marekani na limekaa vizuri, lakini mvaaji akiinua mkono, koti zima linapanda na kiuno kinahama. Je, niongeze upana kifuani? Na pamba niitie vipi isije ikajikusanya chini?

Fundi wa Mji wa Kale
Wa alaykum salaam, mwanangu. Usiongeze upana, kwani litazidi kupanda. Tazama tundu la mkono la koti lile: limekatwa duara kubwa mno, likaingia ndani kifuani na mgongoni, kisha mkono wa koti ukaongezwa vipande vya pembe tatu hadi ukalijaza duara hilo, ndiyo maana kiwiliwili hubaki kimebana huku mkono ukizunguka peke yake. Kikwapa kidogo tunachotia kwenye kanzu kinatosha kwa sababu kanzu ni pana, hapa hakifai. Mvalishe mtu hilo la marekani, ainue mkono, uchore kwa chaki pale kitambaa kinapoanza kujikunja, ndipo ukate, kidogo kidogo.

Kuhusu pamba, tandaza bitana, juu yake pamba iliyochambuliwa vizuri, kisha kitambaa cha nje, na upige bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kuanzia katikati kwenda pembeni. Shona mistari kwanza kwenye kipande kikubwa kuliko kipimo, ukate baadaye, maana pamba hula upana wa kitambaa.

Mama Cherehani
Naunga mkono, na ninasisitiza bitana iwe ya kitani au pamba tupu. Koti la asili lilikuwa na kitani ndani na hariri ya nyuzi za dhahabu nje, yenye simba na tai. Hariri hiyo hatuna, lakini drili nzito itakufaa. Sponji usiiguse kabisa, kwa joto na unyevu wetu mvaaji atazidiwa. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, nayo ni nyepesi, ila nyuzi zake huteleza na kukatikakatika.

Msomaji wa Makadara
Je, igizo ni la Wareno? Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1498, na kufikia wakati huo mkato wa mavazi ya Ulaya ulikuwa umebadilika sana.

Mwigizaji wa Kibokoni
La, ndugu yangu. Tunaonyesha karne ya 14 pande zote mbili: Mombasa aliyoipitia msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331, na Ulaya ya karne hiyohiyo. Fundi, shukrani, nitaanza na tundu la mkono wa kulia, na la kushoto nitalikata baada ya mvaaji kuushika upanga.

Fundi wa Mji wa Kale
Vizuri. Mwambie auinue juu ya kichwa, asiushike tu.