Je, Cubarsí anafaa kwa mfumo wa Flick?

Wakuu, kila Barcelona inapofungwa kwa mpira uliopigwa nyuma ya mabeki, hoja ileile inaibuka: Pau Cubarsí, beki wao wa kati, ana kipaji, ila hana mbio za kucheza mfumo wa kocha Hansi Flick, wa kupandisha mstari wa mabeki juu ili washambuliaji wa upinzani waotee, bora aende timu inayojilinda chini. Mimi napinga kabisa.

Wanaomkosoa wana ushahidi, tusiwadharau. Machi 2025 kule Lisbon, Pavlidis wa Benfica alimtoka, Cubarsí akamwangusha akielekea golini, kadi nyekundu dakika ya 22. Barca walishinda 1-0 wakiwa pungufu, lakini udhaifu ulionekana. Akishageuzwa na mpira uko mbele ya mshambuliaji mwenye kasi, hamfikii. Hilo halifichiki.

Sasa turudi Bernabéu, tarehe 26 Oktoba 2024. Barca 4, Real Madrid 0. Madrid waliotea mara 12, Mbappé peke yake mara 8. Cubarsí alikuwa na miaka 17, akimlinda mmoja wa washambuliaji wenye kasi kuliko wote duniani, na hakuwa na haja ya kukimbizana naye. Rudieni mechi ile mkimtazama yeye tu, achaneni na mpira. Kiungo wa Madrid anapojiandaa kupiga pasi ndefu, beki wa kawaida angeanza kurudi nyuma. Yeye anasimama, au anapanda hatua moja, na Mbappé anabaki peke yake upande wa pili wa mstari. Mfumo huu unaishi kwa hatua hiyo moja. Beki mwenye mbio lakini mwenye woga, anayerudi mita mbili wakati wenzake wamepanda, anawaharibia wote wanne.

Halafu kuna pasi zake. Hapa ndipo nashangaa watu wanavyomuuza haraka. Timu pinzani zikijifungia nyuma, Cubarsí ndiye anayepitisha mpira wa chini katikati ya viungo wawili hadi kwa mtu aliyesimama nyuma yao. Pasi moja, wapinzani watano wako nje ya mchezo. Mpeleke timu inayojilinda chini na kubutua, utakuwa umeua nusu ya ubora wake.

Kwa hiyo mabao wanayofungwa Barca yanatoka wapi? Naona yanaanzia mbele. Mstari wa juu unategemea mwenye mpira abanwe. Akipewa sekunde mbili za kuinua kichwa, hakuna beki atakayeokoa, hata awe na mbio za namna gani. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Inter, Mei 2025 pale San Siro, bao la kwanza la Inter lilianzia kwa Olmo wa Barca kunyang'anywa mpira na Dimarco. Mabeki walikuta hatari imeshawafikia. Penalti ya baadaye ndiyo ilikuwa ya Cubarsí, alimchezea faulo Lautaro, na hiyo naiandika kwenye hesabu yake.

Jambo la pili ni kuondoka kwa beki mwenzake mzoefu, Iñigo Martínez, kwenda Al Nassr ya Saudi Arabia, Agosti 2025. Yule ndiye aliyekuwa akipiga kelele, akiamua lini wapande na lini wabaki. Cubarsí alikuwa anasoma mchezo akiwa na kaka pembeni yake. Kumtaka kijana aliyezaliwa 2007 acheze nafasi yake na papo hapo awe kamanda wa safu nzima, halafu tukadai hafai kwa mfumo, ni kumwonea.

Kama ingekuwa uamuzi wangu, Cubarsí habanduki. Ningetafuta beki wa kushoto wa kati mwenye sauti na mbio, na ningewaambia mawinga wakabe kwa dakika 90. Anayesema auzwe aniambie: ni beki gani atakayepiga zile pasi na bado akapanda mstari kwa wakati? Taja jina, tulijadili.