"Nusu inchi" ya bomba na "nusu inchi" ya mpira ni vitu viwili tofauti. Kwa nini hamtuambii?

Wakuu, nina hasira na leo sitazificha. Saa nane usiku nimeamka, nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji. Mpira unaotoka kwenye bomba la PVC (plastiki ngumu) kwenda kwenye kitangi cha vifaranga wa samaki ulikuwa umechomoka. Pampu iliendelea kusukuma tangi lote la chini likamwagika sakafuni, kisha ikazunguka bila maji mpaka mota ikaungua. Vifaranga wangu wa wiki tano, wale niliowatenga wasiliwe na wakubwa, nimewakuta wamepanda juu ya maji wanahema. 11 wamekufa.

Dukani niliuliza waziwazi: bomba nusu inchi, mpira nusu inchi, vitaingiliana? Nikajibiwa, "Vyote nusu inchi, chomeka tu." Nikachomeka. Uliingia kwa kubana vizuri kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo.

Asubuhi nimechukua kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, nikapima mwenyewe. Bomba la nusu inchi la Schedule 40 (daraja la unene wa bomba) lina milimita 21.3 kwa nje na kama 15.8 kwa ndani. Nusu inchi halisi ni milimita 12.7, na kwenye bomba lile hakuna mahali popote utakapoipata. Ni jina tu! Mpira wenyewe unapimwa kwa ndani, kwa hiyo 12.7 yake ni ya kweli, na kwa nje unafika karibu 15.9. Ndiyo maana unaingia ndani ya bomba ukibana, unadhani umepata saizi, kumbe hakuna kinachoushika. Halafu kuna mabomba ya milimita 20 na 25, hayo yanaitwa kwa kipimo cha nje. Yaani kitu kimoja kinaitwa kwa ndani, kingine kwa nje, cha tatu kwa jina la mazoea, na mnunuzi anaachwa ajijue.

Sasa nije kwenu mnaoshauri "paka silikoni (ile ya kuzibia), imeisha hiyo". Nilipaka, nikaacha ikauke siku mbili. Leo pete nzima ya silikoni nimeikuta imebaki kwenye mpira, na upande wa bomba ni msafi, unang'aa kama haujawahi kuguswa. Silikoni inashika kioo vizuri sana, PVC haiishiki kwa maana ya kubeba presha. Na mwingine asije na gundi ya PVC. Gundi ile inayeyusha ngozi ya plastiki mbili ngumu zikawa kitu kimoja. Mpira wa silikoni hauyeyuki kabisa, na ule laini unaoonyesha maji umechanganywa vilainishi, kiungo chake si cha kukiamini ukiwa umelala.

Kinachotakiwa ni adapta ya PVC yenye tredi (mikunjo ya kukazia kama ya skrubu), unaigundisha kwenye bomba, halafu unafunga nipo (kiungio kifupi cha kuchomeka mpira) ya meno inayolingana na NDANI ya mpira. Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto ulainike, sukuma mpaka upite meno yote, kaza klipu juu ya meno. Nipo iwe ya plastiki. Shaba usiingize kwenye maji yenye kamba au konokono, inawaua. Kwa ule mpira mwembamba wa hewa, ndani 4 nje 6, toboa kofia ya bomba, chonga tredi, ufunge nipo ndogo hapo. Toboa kofia na si ubavu wa bomba, kwa sababu kofia ni nene na tredi zinapata pa kuuma.

Hata hapo nimepigwa mara ya pili. Adapta niliyouziwa ina tredi ya BSP (kipimo cha Kiingereza), nipo ina ya NPT (kipimo cha Kimarekani). Kwenye nusu inchi zote zina tredi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaanza kuingia vizuri, mizunguko miwili mitatu, kisha zinakataa. Pembe ya tredi moja ni nyuzi 55, nyingine 60. Nilizungushia tepu mara nane na bado linatoka tone moja kila baada ya muda, nimeweka kikombe chini nalitazama. Ukilazimisha, adapta inapasuka.

Wauzaji, andikeni kwenye kifaa: ndani milimita ngapi, nje milimita ngapi, tredi ya aina gani. Maneno matatu tu. Na nyie mlioniambia silikoni inatosha, njooni hapa mseme ya kwenu imekaa muda gani, na pampu yenu inasukuma lita ngapi kwa saa.