Tupeane uzoefu: hoteli mpya ikifunguliwa mtaani, unaingia wiki ya kwanza au unangoja?

Mlaji_wa_Mitaa
Wadau, habari za jioni. Mimi naishi Kilimani, na huku siku hizi kila nikitoka kazini nakuta maputo kwenye mlango mwingine. Tangu mwaka uanze nimeshaingia sita mpya. Mbili tayari zimefungwa, moja imegeuka kinyozi.

Iliyoniuma ni ya kuku wa makaa. Niliingia siku ya tatu tangu wafungue. Nusu kuku na chipsi shilingi 450, kuku amelala kwenye ndimu na kitunguu saumu hadi mfupa unanukia, na pilipili ya kusaga wanakuletea bila kuomba. Nilivuma kama redio. Nikaambia ofisi nzima, nikaambia mpaka shemeji zangu wa Nakuru. Walipokuja Nairobi, miezi miwili baadaye, nikawapeleka kwa mbwembwe. Jamani. Kuku alitoka kwenye mafuta, si kwenye makaa, mkavu kama kiatu cha mvua kilichoanikwa. Jiko la makaa lilikuwa bado pale dirishani, limewekewa chungu cha maua! Shemeji mkubwa akala kimya, akasema tu, "Chipsi ni nzuri."

Nikamvuta weita pembeni. Akaninong'oneza: "Mpishi aliondoka, bosi. Hawakuelewana mambo ya mshahara."

Basi leteni zenu.

BintiKisauni
Pole kaka, ila wewe angalau ulikula kuku. Mimi nimekulia Mombasa, nikiona bango la "Biriani ya Pwani" miguu inajipeleka yenyewe. Hii ilikuwa South B, imefunguliwa Ijumaa, watu wamejaa. Nikaletewa pilau. Pilau kabisa, ya kahawia, imemwagiwa mchuzi wa nyanya juu, na weita anatabasamu. Nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, biriani iko wapi?" Akanionyesha mchuzi.

Biriani wali hupikwa peke yake na masala peke yake, kitunguu kinakaangwa mpaka kinavunjika kama biskuti, mtindi unaingia kwenye nyama, mambo ya saa nyingi. Nilikula kwa sababu nilishalipa. Sijarudi. Siku hizi kwenye hoteli mpya naagiza kwanza chai na mahamri. Hamri likiwa gumu au halina iliki, naaga.

Mhasibu_Mchovu
Mimi uzoefu wangu ni wa bili. Tulikuwa wanne, Westlands, mahali pazuri, taa za kamba, muziki. Nikapiga hesabu ya menyu kichwani: 2,400. Bili ikaja 2,832. Kumbe chini kabisa ya menyu, kwa herufi za kutafuta na tochi, wameandika bei haijaingiza kodi. Asilimia 16 ya VAT, asilimia 2 ya ushuru wa utalii, hapo 432 imeondoka na hujala hata njugu ya ziada. Sasa nasoma menyu kutoka chini kwenda juu. Wenzangu wananicheka.

Jirani_wa_Chini
@Mhasibu_Mchovu huyo ulikuwa wewe ukimulika menyu na simu? Nilikuwa meza ya pili 😂

MamaChapo_Wendani
Niwasemee na sisi wa upande wa jikoni. Nilifungua kihoteli Kahawa Wendani, meza tano, wateja wengi wanafunzi. Chapati, madondo, ndengu, nyama ya kukaanga. Siku ya kufungua nilikuwa na mtungi mmoja wa gesi wa kilo 13, nikajiambia utanipeleka wiki. Nilikuwa nimeuanza nyumbani, nikasahau. Saa saba mchana, foleni imefika kwa jirani wa mitumba, moto ukazima. Namba ya tili nayo haijawashwa, watu wananitumia M-Pesa kwa laini yangu, simu inalia kila dakika na mikono imejaa unga. Na ndugu! Ndugu walikuja kumi na mmoja, "tumekuja kukupongeza", wakala, wakafungiwa za nyumbani.

Kwa hivyo mkija wiki ya kwanza, chapati mliyokula si yangu, ni ya hofu yangu. Nipeni mwezi. Na yule anayeandika maoni mabaya saa hiyo hiyo akiwa bado kwenye kiti changu, nilimwona, nikamwongezea supu tu.

Ngamia_wa_Eastleigh
Sisi huku hatuangalii maputo. Naangalia magari yaliyoegeshwa nje saa nane mchana. Madereva wakirudi mara ya pili, naingia, naagiza wali na nyama ya ngamia, ndizi pembeni. Ndizi unakula pamoja na wali, msiwe mnaiweka ya mwisho kama wageni.

Asiyekula_Nyama
Kwangu mimi hoteli za Kihabeshi ndizo salama, hata ikiwa mpya. Waumini wao wa Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama wala maziwa, kwa hivyo siku hizo sinia la injera na mboga linapikwa kwa moyo. Siku nyingine naweza kuletewa kabeji ya kujaza sahani. Hiyo ndiyo siri yangu yote.

BintiKisauni
@MamaChapo_Wendani mama, hapo umenigusa. Nitakuja, na nitangoja mwezi uishe.

MamaChapo_Wendani
Mwezi uliisha kitambo, binti yangu. Sasa nina mitungi mitatu. Njoo.

Mpita_Njia_Ngara
@Mlaji_wa_Mitaa ngoja kidogo. Huyo mpishi wako wa kuku, ni mwembamba, anapiga mluzi akigeuza nyama, na pilipili anakuletea kabla hujakaa?

Mlaji_wa_Mitaa
Huyo huyo!! Mluzi wa nyimbo za kanisa!

Mpita_Njia_Ngara
Yuko huku Ngara, kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya nguo. Hakuna bango, hakuna maputo. Nusu kuku 400. Ila anafunga kuku wakiisha, na leo nimeona wamebaki kama wanne.

Mlaji_wa_Mitaa
Niko kwa matatu. Mwambie aniwekee mmoja. Shemeji wasiambiwe kwanza.