Laptopu imegoma kwenda Windows 11, antivairasi haitoki, naombeni ushauri

Mama Steshenari
Habarini wakuu, nina kasteshenari kangu huku Chuno, Mtwara, natoa kopi, naprinti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Laptopu ninayoitegemea ni EliteBook 840 G5, prosesa ya kizazi cha 8, niliagiza yuzdi kutoka Kariakoo ikaja na basi, ina Windows 10 ambayo mnajua Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na mimi hapa kila mteja anachomeka fleshi yake imejaa vairasi nikaona nisizubae. Nikanunua bando nikaiacha inapakua usiku kucha, asubuhi nakuta imegoma, namba 0xC1900208. Nikarudia, bando lingine likaenda na maji, namba ile ile. Inaitaja antivairasi iliyokuja na laptopu kwamba niitoe kwanza, nikienda kuitoa inadai paswedi ambayo sina. Aliyeniuzia akisikia sauti yangu tu mtandao unaanza kusumbua. Msimu wa korosho ndo huu kazi zinamiminika, sitaki kupiga Windows upya nikapoteza mafaili ya watu. Nifanyeje?

kijana_ligula
Dada izime tu hiyo antivairasi, pale chini karibu na saa, chagua dakika 15, apdeti ikipita unaiwasha.

Fundi Mikindani
Dogo hapo juu, kwa namba hiyo kuizima hakusaidii. Inamaanisha kuna programu isiyoendana na Windows mpya, na inayokaguliwa ni iliyomo kwenye mashine, iwe imewashwa au imezimwa. Antivairasi inajichimbia chini kabisa kwenye madraiva, ukibadilisha Windows juu yake mashine inaweza isiwake, ndo maana unazuiwa mlangoni. Hata Januari 2018, zile apdeti za kuziba mianya ya prosesa iliyoitwa Meltdown na Spectre, Microsoft waligoma kuzipeleka kwenye kompyuta ambazo antivairasi yake haijajithibitisha, sababu nyingine zilikuwa zinaleta skrini ya bluu.
Dada, hebu igeuze hiyo laptopu, chini kuna stika yoyote?

Mama Steshenari
Ipo imekwanguliwa nusu, imebaki mistari ile ya kuskani na namba nne za mwisho. Nilijua ni ya dukani.

Fundi Mikindani
Sio ya dukani, ni ya kuorodhesha mali. Laptopu ilikuwa ya ofisi, na hiyo ni antivairasi ya kiofisi, paswedi anayo mtu wao wa IT ambaye hata Chuno hajawahi kuisikia. Usikisie utachoka bure. Kampuni nyingi za antivairasi zina kiprogramu chao cha kuing'oa, kipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, sio kwenye masaiti ya ajabu yanayokujaa matangazo. Halafu shikilia Shift ubonyeze Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, uristati, ikikupa orodha bonyeza 4. Hapo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, antivairasi inakuwa haijaamka vizuri, ndo unaing'oa.

Bwana Mtama
Mtaalam umesahau jambo. Laptopu za maofisi mara nyingi disk imefungwa na BitLocker, kile kifungio cha Windows cha kulinda mafaili, ukienda huko kwenye 4 inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 na hapo utalia. Dada fungua kwanza cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, kama admin uandike manage-bde -status, ukiona imefungwa usiguse kitu mpaka uwe na huo ufunguo. Na mafaili kopi kwenye hadidiski ya nje kabla ya yote, usiniambie utakopi baadaye.

Binti wa Ndanda
Na bando jamani! Usipakue mara ya tatu. Tafuta mwenye waifai, tengeneza Windows 11 kwenye fleshi ya GB 8 kwa kile kiprogramu cha Microsoft, ukiwa ndani ya Windows yako fungua setup humo kwenye fleshi, uchague kubaki na mafaili yako.

kijana_ligula
Akishaitoa si anabaki uchi?

Fundi Mikindani
Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inaamka ikiona hakuna mwingine. Kwa steshenari inatosha, ila kila fleshi ya mteja iskani kabla hujafungua kitu.

Mama Steshenari
Wakuu nimerudi. BitLocker haikuwepo, nikashukuru Mungu. Paswedi kule kwenye 4 haikuulizwa kabisa, kile kiprogramu kilitembea kama dakika tano kikaomba kuristati. Nikaenda kwa shemeji Shangani mwenye waifai nikatengeneza fleshi, nikaanza saa mbili usiku, ilivyofika asilimia 71 ikaganda nikakaa naiangalia kama mgonjwa, umeme wenyewe wa huku tunaujua, ila ikaendelea, saa tano nimeingia Windows 11 mafaili yote yapo.
Kuna desktopu nyingine ya kizazi cha 3 pale dukani, hiyo Windows 11 haiitaki, kwa hiyo?

Bwana Mtama
Hiyo iache 10. Nenda Windows Update uisajili ESU, ule mpango wa Microsoft wa kuongeza muda, utaendelea kupata apdeti za usalama mpaka Oktoba 13, 2026. Kuna njia ya bure ukiingia na akaunti ya Microsoft ukaruhusu kuhifadhi mipangilio yako.

Mama Steshenari
Sawa kaka, naenda kuisajili saa hii kabla wateja hawajajaa.