Mwalimu anasema nachora kadi za posta. Kigoma inageukaje pateni ya kitenge?

Binti wa Katonga (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wote mnaostahili.

Nasoma ubunifu wa nguo huko Dar, kwa sasa niko likizo nyumbani Kigoma, upande wa Katonga. Tumepewa kazi ya kurudi nayo chuo: pateni za kitenge, yaani michoro inayojirudia kitambaa kizima, zenye asili ya kule mtu anakotoka. Mwenzangu wa Makambako alilalamika kwamba kwao kuna upepo tu. Mimi nikajiona nimepewa cha bure: nina ziwa, nina Gombe, nina Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa hapa vipande vipande na kuunganishwa upya. Nani wa kunishinda?

Basi nikachora. Liemba kwa ubavu, moshi unafuka (najua iliacha stimu siku nyingi, lakini bila moshi haikupendeza). Sokwe kwenye tawi. Mgebuka. Mwembe wa Ujiji. Nikavipanga mistari kwa mistari, nikapiga picha, nikamtumia mwalimu. Jibu lake: "Hizi ni kadi za posta. Nani atavaa kadi ya posta?" Basi, hakuongeza neno.

Nilinuna. Kanga zina korosho, zina majogoo, zina sura za viongozi, na watu wanajifunga mpaka zinachanika. Ila nikizitandaza karatasi zangu sakafuni namwelewa kidogo. Jicho likifika kwenye meli linagota hapo hapo, halina pa kwenda tena.

Siku hizi asubuhi nashuka mwaloni Kibirizi na daftari. Wavuvi wanakuwa wamerudi na taa zao, akina mama wanaanika dagaa. Nimekaa karibu nikaangalia hasa: dagaa wakimwagwa wabichi wanalala ovyo, wanang'aa kiasi kwamba huoni samaki mmoja mmoja, unaona mng'aro tu. Jua likishawapiga wanajikunja mikia na kutengana, na hapo ndipo unaanza kuona wavu chini yao, matundu madogo madogo. Nimejaza kurasa kwa kurasa. Lakini ni michoro ya dagaa, siyo pateni. Sijui mtu anavukaje kutoka huku kwenda kule.

Kwa hiyo naomba mnisaidie mambo mawili. Mnaanzaje mkiwa na daftari lililojaa? Na mnaunganishaje kingo za kipande kinachorudiwa ili mshono usionekane? Nina simu, kompyuta ya kaka ninayoazimwa kwa masharti, rangi za maji na mkasi. Tafadhali msiniambie niangalie Pinterest. Nimeangalia. Ukiandika Afrika tu, unaletewa pundamilia.

Fundi wa Skrini

Karibu bibie. Nachapa nguo kwa skrini (fremu yenye wavu mwembamba wa kupitishia rangi) hapa Dar, nianze na mshono maana huo una jibu la moja kwa moja.

Chukua karatasi ya mraba. Chora katikati tu, kingo usiziguse hata kidogo. Ikate wima, nusu kwa nusu, kisha zibadilishe nafasi: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Gundisha kwa selotepu upande wa nyuma. Zile kingo zilizokuwa nje sasa zinakutana katikati, na hapo kati pana uwazi. Jaza huo uwazi, ila kingo mpya nazo usiziguse. Halafu kata kwa mlalo, ya juu iende chini, jaza tena. Ukimaliza, upande wa kulia unapokelewa na wa kushoto, na wa juu unapokelewa na wa chini. Toa kopi kadhaa stationery, zipange sakafuni, simama juu ya kiti, finya macho.

Ukiwa juu ya kiti ndipo utakapoona ubaya wake. Karibu kila mara unatokea mstari mtupu unaokatiza kitambaa kizima, ambao kwenye karatasi moja haukuwepo. Au kuna alama moja nzito inayojitokeza kwenye kila kopi. Dawa ya mstari ni kushusha nusu: safu ya pili isianze usawa wa ya kwanza, iteremke nusu ya urefu wa kipande. Dawa ya alama nzito ni kuipunguza, au kuiongezea wenzake ili isibaki peke yake. Liemba yako ndiyo alama nzito. Meli nzima ndani ya kipande kidogo haikwepeki.

Kama kompyuta ya kaka inabeba, weka Krita, programu ya kuchorea. Ni ya bure. Ukibonyeza W ukurasa unaochorea unajirudia pande zote, mstari ukitokea kulia unaingia kushoto, na mshono unauona papo hapo unavyochora.

Na kama chuo kinataka pateni za kwenda kiwandani kweli, uliza kipimo mapema. Silinda ya kuchapia iliyozoeleka ina mzunguko wa sentimita 64. Urefu wa kipande chako lazima uingie humo bila baki: 64 yenyewe, au 32, au 16. Kuna vijana wanaleta kazi nzuri ya sentimita 25, tunaanza kuivuta huku na huku mpaka duara linakuwa yai.

Mama Nta, Tabora

Marahaba mwanangu. Kompyuta za fundi mimi siziwezi, natengeneza batiki hapa Tabora miaka mingi, na nina la kusema kuhusu hilo daftari lako.

Umeandika mwenyewe kwamba dagaa wakikauka unaanza kuona wavu chini yao. Sasa kwa nini unachora dagaa? Chora pale ulipouona wavu. Sisi wa nta tumezoea kufikiri hivyo kwa sababu ya kazi yenyewe: unapopaka nta, hupaki rangi, unazuia rangi isipite. Kila ukishika mhuri unajiuliza nini kitabaki, siyo nini utaongeza. Keti tena pale Kibirizi, uchague kipande cha kichanja kama cha upana wa kiganja, uchore nafasi zilizoachwa kati ya samaki na samaki. Zitakuwa vipande vya ajabu, vingine vyembamba, vingine vya pembe tatu. Zijaze wino mweusi. Hakuna atakayesema ni kadi ya posta, lakini mtu wa Kigoma akikitazama kitambaa atajua kuna dagaa humo.

Jambo la pili, kata mihuri. Usichore umbo lile lile mara mia kwa kalamu, utachoka na mkono utaanza kudanganya. Umbo moja, mhuri mmoja, kisha gonga: simamisha, laza, geuza, panda nusu juu ya lililotangulia. Kwa muda wa kuchemka chungu cha maharage utakuwa na mipangilio mingi kuliko wiki nzima ya kuchora. Mistari ikienda upande kidogo iache. Fundi atakwambia uinyooshe. Usimsikilize.

Fundi wa Skrini

Mama, nimekusikia. Kwenye batiki upande ni uzuri kwa sababu kila yadi inagongwa upya. Kwenye skrini kosa lile lile litajirudia kitambaa kizima pale pale, na litaonekana kosa. Apinde apendavyo ndani ya kipande, ila kingo ziwe sahihi.

Muuza Vitenge, Mwanga

Dada yangu wa Katonga, tuko mji mmoja. Mimi sikusomea, ila nauza vitenge, na wateja wangu wengine wanavuka kutoka Kongo na Burundi. Nikwambie yanayotokea dukani.

Kwanza, hakuna anayekutana na maua yako (sisi dukani mchoro wowote wa kitenge ni maua) yakiwa yametandazwa. Kitenge kiko rafuni kimekunjwa, mteja anaona sehemu ndogo tu. Akivutwa na hiyo ndipo anasema "nifungulie hicho". Kwa hiyo popote kitambaa kitakapokunjwa, pawe na kitu.

Pili, samaki wako wanatazama wapi? Nauliza kwa maana. Maua yakiwa yote yamesimama upande mmoja, fundi cherehani ananuna. Hawezi kugeuza kipande cha mkono kikae kichwa chini ili abane kitambaa, lazima vyote vikatwe vikielekea juu, na mteja anaambiwa yadi hazitoshi. Akikata bila kujali, mama wa watu anaingia kanisani na samaki wa tumboni wanaogelea huku, wa mgongoni wamekufa. Changanya, wengine juu, wengine chini, wengine ubavu, na kitambaa kitakatika vyovyote.

Tatu, hiyo habari ya asili inanichekesha kidogo, samahani. Kitenge chenyewe ujanja wake ulitoka Java kwenye batiki za huko, Waholanzi wakauiga kwa mashine, ndipo kikaletwa Afrika. Kuna vitenge maarufu vya feni, vya mbayuwayu, vya herufi za alfabeti. Feni ina asili ya wapi? Lakini kina mama wamevipa majina yao wenyewe, wameolewa navyo, wamezikia navyo, leo ni vyetu. Usijibane eti lazima mtu akiangalia aseme "Kigoma hii". Akiipenda inatosha, Kigoma utamwambia wewe.

Liemba pia usiitupe. Itazame kwa karibu, acha ile picha ya kalenda. Ubavuni kuna madirisha ya duara yamejipanga, na bati zimeungwa kwa ribiti, safu kwa safu. Hayo maduara makubwa na vitone ni maua tosha, na duara halina kichwa wala miguu.

Binti wa Katonga

Jamani asanteni. Kaka wa Mwanga, habari ya samaki waliokufa mgongoni nimemsomea mama, kacheka mpaka akaacha kupepeta.

Nimefanya zoezi la nafasi kati ya dagaa. Ni gumu. Jicho linataka samaki, unalilazimisha litazame pasipo na kitu. Ila yaliyotoka nimeyapenda, yanafanana na maandishi ya lugha nisiyoijua.

Lakini kilichonikamata siyo ziwa. Nyuma ya nyumba kuna mchikichi ambao nimeuona tangu nazaliwa na sikuwahi kuuwazia. Makuti yakikatwa, vikonyo vinabaki shinani, na vimejipanga kwa mshazari kuzunguka mti mzima, kila kimoja kimekaa katikati ya viwili vya chini yake. Fundi, si ndiyo ile ile ya kushusha nusu? Mti umeshanipangia. Ukiufuata kwa kidole unapanda kulia, ukigeuza unapanda kushoto, njia zote mbili zipo kwa pamoja. Tena kila kikonyo hakifanani na mwenzake, kimoja kimeota jani la ukungu, kimoja kina nyuzi, kimoja kimekatwa vibaya.

Nimekata mhuri kwenye soli ya ndala kuukuu, umbo la kikonyo kimoja. Kisha nikaongeza wa pili, wa tunda la chikichi lenyewe: chini limeiva rangi ya chungwa, nchani jeusi, na mpaka kati ya rangi hizo haujanyooka. Nimegonga kwa rangi za maji, nikakata na kubadilisha kama fundi alivyosema. Jicho linazunguka! Nimesimama juu ya kiti, nimefinya macho, mstari mtupu upo mmoja tu na nimeuziba kwa tunda.

Mwalimu sijamtumia bado, nataka kwanza nijaribu kwenye kitambaa. Mama Nta, rangi ninazotaka ni chungwa la mawese na buluu ya ziwa ya saa sita mchana. Nianze na ipi? Na hii ndala itafaa kwa nta?

Mama Nta, Tabora

Ndala hapana, mwanangu. Kwa rangi baridi inafaa sana, kwa nta ya moto italegea, umbo litapotea na kitambaa kitachafuka. Tafuta kipande cha godoro la sponji, kile kigumu kigumu, au mwambie seremala akuchongee mti. Mti ushike vizuri, uzamishe kwenye nta, ukung'ute, gonga bila kusita. Ukisita nta inapoa juu ya mhuri na haiingii ndani ya nyuzi. Geuza kitambaa uangalie nyuma: kama nta haijatokea huko, rangi itapita.

Nta yenyewe changanya. Ya nyuki, hii tunayonunua kwa warina asali wa Sikonge, inang'ang'ania kitambaa na haivunjiki ovyo. Ya mshumaa inapasuka, na rangi inaingia kwenye nyufa, ndiyo ile mishipa unayoiona kwenye batiki. Kwa vikonyo vyako vya mchikichi mimi ningezidisha mshumaa, nyufa zitakupa zile nyuzi bure. Iyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, usiiweke juu ya moto mtupu ukaenda kuongea na simu. Na ukifika kwenye rangi, kostiki, ile soda kali ya kuchanganyia rangi, ishike kwa glavu na ufanyie kazi nje penye hewa.

Sasa chungwa na buluu. Batiki inatoka kwenye rangi nyepesi kwenda nzito, na kila rangi inalala juu ya iliyotangulia. Ukitia chungwa kwanza, ukaziba kwa nta unachotaka kibaki chungwa, kisha ukazamisha kwenye buluu, hutapata ziwa. Utapata kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Kwa ncha za matunda yako hiyo ni nzuri mno, mimi ningeiacha hivyo hivyo: nyeupe kwa mipaka, chungwa, kisha hiyo kahawia, ukaishia hapo. Kama buluu unaitaka kwa nguvu, ipake kwa brashi kwenye sehemu zake pekee ukiwa umezizungushia nta, kazi ya siku nzima na mgongo utauma. Au buluu umpelekee fundi wa skrini, yeye kila rangi ana fremu yake.

Anza na kitambaa cha pamba tupu, kilichofuliwa kutoa wanga. Kipande kidogo tu, kama leso ya mkononi, kabla hujakata yadi.

Muuza Vitenge, Mwanga

Na hicho kipande kikikauka kilete Mwanga. Nitakikunja nikiweke rafuni katikati ya vingine bila kusema ni cha nani, tuone kama kuna mkono utakaokivuta.